Damu Isimfungie Mtu Mlango wa Chuo

Leo nawapeleka mbali, Tibet, kule China kwenye milima mirefu. Mji wa Lhasa uko mita 3,650 hivi juu ya usawa wa bahari! Wanafunzi wengi wa huko huteremka kwenda kusoma vyuo vya bondeni, kama kile cha Xianyang kilichoanzishwa mwaka wa 1958. Hoja yangu ni kwamba mwanafunzi asihukumiwe kwa sababu ya hepatitisi B, yaani ugonjwa wa ini unaoletwa na virusi.

Watu husema, "Damu yake imeonyesha," wakadhani wamemaliza. Imeonyesha nini? Damu ina alama kadhaa. Ikiwa na antijeni ya juu ya virusi, mtu ana virusi, na vikikaa zaidi ya miezi sita huwa vimehamia. Ikiwa na kingamwili ya antijeni hiyo peke yake, huyo kwa kawaida alichanjwa. Ikiwa na kingamwili hiyo pamoja na ile ya kiini cha virusi, aliugua akapona. Na asiyekuwa na alama yoyote? Huyo ndiye wa kukimbizwa kwenye chanjo, ingawa wenzake watamwona ndiye msafi kuliko wote. (Antijeni hiyo Baruch Blumberg aliigundua katika damu ya mwenyeji wa Australia, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1976.)

Tena, kosa la nani? Wengi huambukizwa na mama zao wakati wa kuzaliwa. Kati ya watoto wachanga 10 wanaoambukizwa, 9 hubaki na virusi, lakini kwa watu wazima ni chini ya 5 katika 100. China iliingiza chanjo hii katika mpango wa taifa mwaka wa 2002, na dozi ya kwanza yatakiwa katika saa 24 za mwanzo. Sasa mama aliyejifungulia hemani, zahanati iko ng'ambo ya mlima, saa hizo si zimeshapita?

Wapo watakaosema, eti atawaambukiza wenzake bwenini. Jamani! Virusi hivi haviambukizwi kwa sahani, kikohozi wala kupeana mikono. Ni kwa damu, kujamiiana, na vitu kama wembe wa kushirikiana. Mwenye wasiwasi achanjwe.

Mwaka wa 2010 serikali ya China ilikataza kupima virusi hivi wakati wa kusajili wanafunzi na kuajiri watu, isipokuwa kazi chache. Naunga mkono. Lakini kunyamaza kabisa nako ni hatari, maana virusi hivi vyaweza kuleta saratani ya ini kimyakimya, na dawa za kuvidhibiti zipo. Kwa hivyo chuo kimpime anayetaka mwenyewe, baada ya kusajiliwa, bure, na majibu apewe yeye tu mkononi, bahasha ikiwa imefungwa. Orodha ya majina isibandikwe ukutani wala isifike kwa mkuu wa bweni.