Barua ya Wazi kwa Magavana wa Kitui na Makueni: Mpaka wa Kaunti Uingie Kwenye Simu

Kwa Mheshimiwa Dkt. Julius Malombe, Gavana wa Kitui, na Mheshimiwa Mutula Kilonzo Junior, Gavana wa Makueni.

Waheshimiwa Magavana,

Katiba ya 2010 iliwakabidhi kamari. Imo kwenye Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, chini ya burudani za umma: kubeti, kasino na aina nyingine za kamari ni kazi ya kaunti, sawa na leseni za pombe. Sehemu ya Kwanza ya jedwali hilohilo inaiachia serikali kuu kamari ya kitaifa. Wakati huo mgawanyo huu ulionekana kwa macho. Bahati nasibu ya nchi nzima ni ya Nairobi. Chumba cha mashine za sarafu pale Mwingi au Emali ni cha kaunti. Kisha, mwaka 2014, SportPesa ikaingia sokoni, M-Pesa ikageuka kaunta ya kubetia, na dau la kijana wa Mutomo au Nunguni likaanza kuhesabiwa kuwa la kitaifa kwa sababu tu kampuni aliyobeti nayo haina duka kijijini kwake. Kaunti ilibaki na chumba, mchezo ukahama. Nawaandikia kusema kwamba mpaka wa kaunti unaweza kuwekwa ndani ya simu, na kwamba ninyi ndio wenye kuudai.

Najua jibu la kwanza ambalo washauri wenu watatoa: simu haina mpaka. Marekani imeshaonyesha kwamba si kweli. Mei 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi iliyotoka New Jersey, iliacha kila jimbo liamue lenyewe kuhusu kubeti michezoni. Tangu hapo zaidi ya majimbo 30 yameruhusu, Utah na Hawaii zimekataa kamari ya kila aina, na kampuni yenye leseni hulazimika kuthibitisha mahali simu ilipo kabla ya kupokea dau. New Jersey iliporuhusu kubeti mtandaoni na New York ikawa bado, wakazi wa New York walikuwa wakipanda baiskeli na kuvuka daraja la George Washington, wanasimama wakishafika upande wa pili, wanabeti, kisha wanageuza kurudi nyumbani. Mambo yaliendelea hivyo hadi Januari 2022, New York ilipofungua soko lake. Kampuni haikushindwa kujua daraja linaishia wapi. Sioni kwa nini ishindwe kujua Mto Athi uko wapi.

Tena eneo letu halihitaji kufundishwa na Marekani. Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, ingawa malori ya mchanga hupita barabara kuu na wanunuzi wako Nairobi. Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku uchukuzi wa makaa na mchanga kutoka kaunti hiyo mwaka 2018, na kelele zake zilisikika hadi Limuru. Mtu anaweza kubishana na namna marufuku hayo yalivyotekelezwa, nami ningebishana. Lakini hakuna aliyesema mchanga si wa kaunti kwa kuwa unaondoka kwa gurudumu.

Sasa tazameni pesa zenyewe zinavyopita. Tangu Julai 2025, Sheria ya Fedha inatoza ushuru wa asilimia 5 wakati pesa zinapoingia kwenye akaunti ya kubetia, na asilimia 5 nyingine zinapotolewa. Kijana wa Kibwezi akiweka shilingi 100, shilingi 5 ni za KRA hata kabla hajachagua timu. Akibahatika akatoa shilingi 1,000, shilingi 50 zinabaki njiani. KRA imeunganisha mifumo yake na ya kampuni hizi ili ikusanye kodi kila siku. Maana yake ni kwamba rekodi ya kila shilingi inayowekwa na kutolewa ipo, kwenye laini iliyosajiliwa, kupitia mnara unaojulikana ulipo. Kinachokosekana ni mtu wa kudai rekodi hiyo ipangwe kwa wadi. Kaunti inajua ni magunia mangapi ya ndengu yaliyotoka Kyuso, lakini haijui ni shilingi ngapi zilizotoka Kyuso kwenda kwenye dau msimu huohuo wa mavuno. Bila nambari hiyo, kila mjadala kuhusu kamari katika mabunge yenu utakuwa mahubiri.

Ombi langu ni dogo kuliko marufuku. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Undeni moja, Machakos ikipenda ijiunge kupitia jumuiya yenu ya kiuchumi, na iiandikie Mamlaka ya Udhibiti wa Kamari iliyoundwa na sheria ya Agosti 2025 kuchukua nafasi ya Bodi ya zamani. Itake jumla ya pesa zilizowekwa na zilizotolewa kila mwezi, wadi kwa wadi, bila jina la mtu wala nambari ya simu, ili Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 isiguswe. Itake pia leseni za kitaifa ziwe na sharti la mahali, ili bunge la kaunti likiamua kuzuia aina fulani ya mchezo, ule wa ndege inayopaa kwa mfano, kampuni iweze kutii.

Wakili atauliza kuhusu Kifungu cha 209, kinachokataza kaunti kutoza kodi inayokwaza biashara kati ya kaunti na kaunti. Gavana Mutula, ambaye ni wakili na alikuwa Seneta kwa karibu muhula wote wa 2013 na ule wa 2017, anaijua ibara hiyo kuliko mimi. Ndiyo sababu sijaomba kodi. Pingamizi nzito zaidi ni kwamba mkibana huku, watu watakimbilia tovuti za nje zisizo na leseni. Ni kweli kwa marufuku: Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, SportPesa ikafunga, na watu wakaendelea kubeti kwingine. Takwimu lakini hazimfukuzi mtu. Na sharti la mahali linalogusa mchezo mmoja huacha mingine wazi.

Kuna jambo jingine linalokuja, nalo ndilo linalonifanya niandike sasa. Ni masoko ya utabiri, ambako watu hununua na kuuziana hisa za “ndiyo” au “hapana” juu ya tukio, kampuni ikichukua kamisheni yake. Kalshi ya Marekani ilianza kuuza mikataba ya michezo Januari 2025 katika majimbo yote, ikidai kwamba leseni ya shirikisho inayosimamia masoko ya bidhaa inatosha na sheria za majimbo haziihusu. Nevada, New Jersey na Maryland ziliiamuru iache, mahakama zikatofautiana. Huku kwetu mlango wa namna hiyo upo, kwa kuwa soko la mikataba ya baadaye liko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na kamari iko chini ya mamlaka nyingine, na kampuni yenye mawakili wazuri itachagua mlango uliolegea.

Kalshi huuza hata mikataba ya hali ya hewa. Mtu atasema mkataba kama huo ungemfaa mkulima wa Zombe anayetegemea mvua za Oktoba hadi Desemba, na hoja hiyo ina uzito: akinunua “hapana” na mvua isinye, atapata cha kununulia unga. Ila bima ya mazao humlipa mwenye shamba. Soko hili litamlipa yeyote, pamoja na yule asiye na shamba aliyeweka karo ya mtoto kwenye wingu. Kama mkataba wa namna hiyo utaruhusiwa Ukambani, uruhusiwe na mabunge ya Kitui na Wote, na sharti hilo liandikwe kwenye kanuni kabla kampuni ya kwanza haijaomba leseni Nairobi.