KONA YA FUNDI: "Ni Upepo Tu" – Pedali Laini Kwenye Jeep ya Mtumba

Swali la mwezi huu limetoka kwa familia tatu zilizochanga akiba yao ili zinunue jeep ya zamani ya Toyota, ya kubeba bidhaa na watu. Gari wameliona Gatsata, pale kwenye magaraji na maduka ya vipuri. Injini nzima, bodi haina kutu, bei inavutia. Kasoro ni moja: pedali ya breki ni laini, inashuka karibu na sakafu. Muuzaji anasema, "Ni upepo tu, mtautoa wenyewe." Wanauliza: tulipe au tuache?

Jibu fupi: msitoe pesa mpaka pedali iwe ngumu mbele ya macho yenu. Breki ni mfumo uliofungwa. Mafuta yake, yaani likidi, hayabanwi, ndiyo maana yanasukuma. Upepo unabanwa, ndiyo maana pedali inakuwa laini. Lakini upepo hauingii bila mlango. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: umeingilia wapi?

MGUU UNASEMA NINI

Simamisheni gari mahali tambarare, wekeni mawe kwenye magurudumu, zimeni injini. Fungueni kwanza kichupa cha likidi. Ikiwa imepungua, plaketi zimekwisha au kuna mahali panavuja. Ikiwa nyeusi kama kahawa, ni ya siku nyingi. Kisha kanyageni pedali mara nne au tano ili nguvu ya servo iishe. Sasa sikilizeni mguu.

1. Inadunda kama mpira, na ukipampu inapanda: humo mna upepo.

2. Mara ya kwanza inaenda chini, mara ya pili iko juu na ni ngumu, haidundi: nafasi ni kubwa mno kwenye magurudumu. Mara nyingi tamburi za nyuma zinataka kukazwa, au beringi za mbele zimelegea na kusukuma plaketi nyuma. Hapo kutoa upepo siku nzima hakusaidii kitu.

3. Ukiikanyaga na kuishikilia kwa dakika moja, inazama polepole: kuna kuvuja. Angalieni kila gurudumu kwa ndani, na mipira ya breki. Kama pote ni pakavu na likidi haipungui, raba za ndani ya masta zimechoka, likidi inapita pembeni yake. Hilo muuzaji hawezi kuliita "upepo tu".

4. Asubuhi ni ngumu, lakini baada ya mteremko mrefu inakuwa laini: likidi imenyonya maji. Dot 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi nyuzi 140. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama upepo.

Halafu mmoja akanyage, mwingine alale chini na kutazama mipira. Ukivimba kama puto, huo umekwisha. Mwisho, kanyageni pedali na muwashe injini. Ikishuka kidogo, msiogope: ni servo inafanya kazi, siyo ugonjwa.

UPEPO USIOTAKA KUTOKA

Vijana wetu wanaojifunza ufundi, hapa pawahusu. Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani zina valvu ya mzigo karibu na ekseli ya nyuma, yenye chuma kinachopima gari limebeba kiasi gani. Nyingi zina nipo yake ya kutolea upepo. Fundi anatoa upepo magurudumu yote manne, hiyo anaisahau, kisha anashangaa pedali bado laini. Pia msiinue gari na kuacha ekseli ikining'inia, maana valvu inadhani gari ni tupu na inabana njia.

Jambo lingine ni kalipa kufungwa kinyume, ya kushoto kulia. Nipo inakaa chini, na upepo siku zote uko juu. Mtatoa likidi mpaka chupa iishe, upepo utabaki humo humo. Nipo lazima iwe juu.

Na tafadhali, msiongeze maji ya sabuni wala mafuta ya injini. Mafuta ya injini yanavimbisha raba za breki zote, kuanzia masta hadi magurudumu. Likidi iliyotolewa nayo isirudishwe.

KUHUSU MILIMA YETU

Mtu anaweza kusema, "Nitaendesha taratibu." Rwanda hakuna taratibu ya kutosha kwa breki mbovu. Mteremko wa Shyorongi kuingia Giticyinyoni hautasubiri mpampu mara tatu, na nyuma mmebeba watu. Hata breki nzima, shukeni kwa gia ndogo, ile ambayo mngepandia, ili injini isaidie kuzuia. Pedali ikipotea njiani: pampu haraka haraka, punguza gia, vuta breki ya mkono kidogo kidogo, elekea upande wa mlima na siyo wa bonde.

KWA HIZO FAMILIA TATU

Nendeni na fundi wenu, siyo wa muuzaji. Upepo utolewe mkiwa pale, likidi mpya iwekwe. Gari lilale bila kuguswa, mrudi kesho yake mkanyage tena. Pedali ikiwa bado juu na ngumu, na magurudumu makavu, mnaweza kuzungumza bei. Ikirudi kuwa laini, mlango bado uko wazi: atengeneze yeye, au apunguze bei ya masta na kazi yake, na gari lisitembee kabla ya kutengenezwa. Akikataa, acheni. Gari jingine litapatikana. Akiba ya familia tatu haichangwi mara mbili kwa urahisi, na wazee walishasema: kawia ufike.

Leteni maswali yenu kama kawaida. Tukutane mwezi ujao.