LUPITALO SI ZAWADI

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wakaaji wote wa muji,

Wako watu wanaotuambia: "Mukoloni alikuwa mubaya, lakini alitupa lupitalo." Alitupa? Tuangalie hesabu, maana sisi makarani tunazoea kuhesabu.

Muji wa Elisabethville, unaoitwa leo Lubumbashi, ulianza mwaka 1910. Miaka ile ya kwanza vijana waliletwa toka mbali kuchimba shaba, na wengi walikufa kambini kwa homa ya mapafu na kuhara damu. Mutu akifa, walitafuta mwingine. Na kutafuta mwingine kulikula feza. Basi karibu na mwaka 1928 Union Minière ilishika njia nyingine: kandarasi ndefu, bibi kambini, mutoto kupimwa kilo, mugonjwa kutibiwa upesi arudi kazini. Je, ule ulikuwa upendo? Hata mashini inapakwa mafuta.

Na walitutenga. Muzungu na lupitalo yake, mweusi na lupitalo yake. Kati ya miji miwili, uwanja mutupu, wakisema ni sababu ya afya. Katika lupitalo mweusi alifunga vidonda, alishika sindano, alikesha na wagonjwa. Lakini siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, inchi nzima ya Kongo haikuwa na munganga mweusi hata mmoja mwenye diploma ya udaktari. Jason Sendwe, aliyeuawa Albertville mwaka 1964, alikuwa musaidizi wa munganga tu. Leo lupitalo kubwa ya Lubumbashi inabeba jina lake.

Jina ni zuri, ndugu, lakini jina halitibu. Sote tunajua: katika inchi yetu ziko lupitalo ambamo mama akiisha kuzaa anazuiwa pamoja na mutoto mupaka jamaa walete feza. Nani alitupa ufunguo wa kumufunga ndugu yetu?

Kuta za zamani tulizilipa sisi: kwa jasho la baba zetu, kwa kodi ya kichwa, kwa shaba iliyopanda treni. Mwenye kulipa nyumba haombi ruhusa ya kuingia. Kwa hiyo hatuombi, tunadai: mugonjwa apokelewe kwanza, hesabu ifuate, mama asifungwe, watumishi wa lupitalo wapate mushahara wao kila mwezi, wasiutafute katika mufuko wa mugonjwa.

Kila mukubwa anayekuja kutafuta kura zenu, mumuulize neno hili mbele ya watu wote. Akicheka, mumupite.

Shaba yetu imekwenda. Afya yetu ibaki!