Mbabula si ya chumba cha kulala

Baridi ya usiku katika Goma, Bukavu na Lubero inawasukuma wakaaji kuingiza mbabula chumbani. Mlango unafungwa, dirisha linazibwa na nguo, watoto wanalala. Wengi wanaamini kwamba makala yakiacha kutoa moshi, hatari imekwisha. Si kweli. Makala mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inajishika kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, mtu anasikia kutapika. Aliye usingizini hasikii kitu.

Watu wa Goma wanaogopa mazuku, na wana haki. Lakini mazuku ni gesi nzito inayojikusanya mabondeni. Hii ya mbabula inajaa chumba chote, hata juu ya kitanda.

Tena mbabula nyingi zimezeeka, chini zimeliwa na kutu, makala yanadondoka. Katika nyumba za mbao zilizobanana, moto wa mmoja unakuwa wa avenue nzima.

Blanketi ni bei, hakuna anayebisha. Hata hivyo mbabula ilale nje. Mashefu wa avenue wanaojua kupita mlango kwa mlango juu ya salongo, wapite na kwa hili.