Mchu si mkoko

Jamani, tuache kuita kila mti wa maji ya chumvi "mkoko". Najua nitaambiwa nagombea maneno tu. Ndiyo, nagombea maneno, maana pale Zinga nimeona neno moja likipoteza miche.

Pwani yetu ina mkoko, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana. Mlilana husimama mbele, unapigwa na bahari wazi. Mkoko hupenda tope laini la vijito. Mchu huvumilia chumvi kali, ndiyo maana utaukuta hadi juu kule ambako maji hufika siku za bamvua tu. Muulize mvuvi yeyote, au mkata boriti.

Halafu inakuja siku ya upandaji. Bango limeandikwa mikoko, basi ni mikoko, kwa sababu mbegu yake ndefu huchomekwa topeni kama kalamu na mgeni rasmi hapati shida. Nimeona safu nzima zimechomekwa kwenye tope tupu mbele ya bahari, pale pale kitwitwi wanapokula maji yakitoka. Picha zikapigwa, fulana zikagawiwa. Bamvua ya pili ikaondoka na miche yote. Kwenye ripoti, lakini, bado ipo, maana ilihesabiwa siku ile ile.

Na kumbe pa kurejesha pako wazi: mashamba ya chumvi yaliyoachwa. Mchu ulifyekwa, matuta yakajengwa, maji yakafungiwa nje. Bomoeni matuta, fungueni mikondo ya zamani, na palipobaki michu jirani bahari italeta mbegu yenyewe. Kazi ya majembe hiyo, haina picha nzuri.

Chura wa Kihansi, milima ya Udzungwa, bwawa la umeme lilimnyima manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Aliporudishwa mwaka 2012 kutoka kizazi kilichotunzwa Marekani, mabomba ya kunyunyizia maji yalishafungwa bondeni. Hakumwagwa kwenye mwamba mkavu.

Huku kwetu, tope ambalo mizizi ingelishika linakwenda kufunika nyasi za bahari, chakula cha kasa na nguva. Hao hawasomi mabango.

Nikialikwa tena, kabla sijapokea fulana nitauliza: ile ya mwaka jana imebaki mingapi?