Zinki si dawa ya kipara

Vidonge vya zinki vinanadiwa siku hizi kama kinga ya kipara, na simu za mkononi zimelifikisha tangazo hilo kila kona, delta ya Rufiji ikiwamo. Mkazi wa Salale, katika delta hiyo, anayetaka kutoa hela yake anastahili ukweli: kipara cha kurithi hakitokani na upungufu wa zinki, hivyo hakuna sababu ya kutarajia kwamba zinki itakiondoa. Mwili hugeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi, DHT, na kwa aliyerithi kipara, vinyweleo vya pembe za paji na vya utosini hudhoofishwa nayo. Kila nywele mpya huota nyembamba na fupi kuliko iliyotangulia, mpaka kunabaki malaika tu, huku za kisogoni zikiendelea kustawi. Kwa wanawake, mara nyingi ni mstari wa katikati ya kichwa unaopanuka. Upungufu wa madini hauchagui hivyo. Hupukutisha nywele kichwa kizima.

Watetezi wa zinki husema kwamba maabara imeonyesha madini haya yakizuia kimeng'enya kinachotengeneza DHT. Ni kweli, lakini kinachotokea ndani ya chupa ya maabara si lazima kitokee kichwani mwa mtu. Husema pia kwamba baadhi ya tafiti zimekuta zinki kidogo katika damu ya wenye vipara. Mambo mawili kukutwa pamoja hakuthibitishi kwamba moja limezaa lingine. Dawa zilizojaribiwa kwa kulinganishwa na dawa tupu isiyo na kiambato tendaji zikaonyesha nafuu ni minoxidil ya kupaka na, kwa wanaume, finasteride; nazo pia ukiziacha, nywele huanza tena kupungua.

Hoja nzito zaidi ni ya chakula. Anayeshindia ugali wa dona na maharage anaweza kukosa zinki ya kutosha, kwa kuwa fitati iliyomo katika nafaka na kunde huizuia isifyonzwe. Huyo akipimwa na kukutwa na upungufu, atibiwe. Lakini delta ina kaa wa mikokoni, ambao wana zinki nyingi, na kamba pia wanayo. Inasikitisha wavuvi wakiuza kaa wote, kisha sehemu ya fedha hiyo irudi dukani kununua zinki ya kidonge.

Wapo wanaodai kwamba hata kisipofaa, kidonge hakidhuru. Kinaweza kudhuru. Mwanamume mzima anahitaji takriban miligramu 11 kwa siku, na kikomo ni 40. Anayekipita kwa miezi mingi huzuia shaba isifyonzwe, na anaweza kuishia na upungufu wa damu na ganzi miguuni. Zinki ina kazi yake iliyothibitishwa: tangu 2004, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanaelekeza mtoto mwenye kuhara apewe ORS pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14. Huko ndiko kidonge hiki kinakookoa maisha, na huko ndiko tunakopaswa kudai kisikosekane katika zahanati zetu.