Daftari la Mwenye Duka



Ndugu zangu waumini, na hasa nyinyi kina mama mnaobeba mzigo wa matumizi ya nyumba. Juma lililopita safari ilinifikisha Kosele, kaunti ya Homa Bay. Katika duka nililoingia kununua sukari, mama mwenye duka alikuwa akiandika madeni katika daftari. Aliniambia humkopesha mtu kwa kuwa ajua mahindi yake yatavunwa lini.

Hapo fikira zikanipeleka Kakuma, kule Turkana. Huko pia watu hukopa kwa daftari, lakini mavuno ya mkimbizi ni msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ambao tangu 2015 sehemu yake ilitumwa kwa simu kwa jina la Bamba Chakula. Kutoka kambini kutafuta kazi hawezi pasi na kibali. Basi msaada ukichelewa, mama hukopa unga, na wako wenye maduka wanaoshika kadi yake ya benki rehani. Siku fedha ziingiapo, huwa zimekwisha kuliwa. Wala hawezi kwenda duka la pili kutafuta nafuu. Hununua kwa bei ya anayemdai.

Mwaka 2025 wafadhili walipunguza misaada; mgao ukashuka hadi asilimia 28 ya kipimo cha chini, na fedha zikasitishwa mwezi Juni. Msidhani njaa hiyo ni ya mkimbizi peke yake. Mwenye duka naye hudaiwa na muuzaji wa jumla, na mama wa Kiturkana aliyezoea kubadilisha kuni kwa unga wa mgao hurudi na mzigo wake kichwani.

Suratul-Baqara, aya ya 280, yatuamrisha kumpa muhula mdaiwa mwenye dhiki. Naam. Lakini mwenye duka aliyekwisha kuutoa muhula huo, rafu zikabaki tupu, nani atampa yeye? Katika mafungu manane ya Zaka limo la wenye madeni, nalo twalisahau mno.

Wala watu hawa si wageni kwetu. Wazee wa Mombasa wanaikumbuka kambi ya Utange. Ilipofungwa katika miaka ya 1990, wengi walihamishiwa Kakuma. Nasi tusiwalaumu wafadhili tu kwa kuchelewa. Mali ya mtu hutimiza mwaka Mfunguo Nne, naye huizuia Zaka mpaka Ramadhani, ati thawabu ni nyingi zaidi, ilhali haki ya maskini imekwisha kuwajibika. Miezi minane hiyo, daftari dukani laendelea kuandikwa.